Ukinunua Ardhi ya Umma, Umenunua Nini?

Safari hii hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunataka tuzungumze juu ya ardhi yenyewe, na hasa juu ya kununua ardhi. Katika madarasa yetu ya watu wazima huku Basotu, maswali juu ya jambo hili hayaishi. Mmoja anauliza, "Mwalimu, nimelipia kiwanja cha halmashauri, je, ni changu mpaka kiyama?" Mwingine anauliza, "Yule aliyepata shamba kubwa la serikali anaweza kuziba njia ya ng'ombe wetu ya kwenda ziwani?" Wa tatu anauliza, "Mbona babu zetu walilima na kuchunga hapa, halafu mahakamani wakaambiwa hawana haki?"

Maswali hayo matatu yana mzizi mmoja. Wengi wetu tunadhani kununua ardhi ni kama kununua mbuzi. Ukishalipa mbuzi ni wako: umchinje, umfuge, umuuze, hakuna wa kukuuliza. Ardhi siyo hivyo. Mnunuzi wa ardhi ya umma hanunui udongo, ananunua haki ya kuutumia. Haki hiyo ina nguvu kweli, lakini ina muda wake, masharti yake na mipaka yake. Asiyejua haki yake atanyang'anywa, na asiyejua mipaka yake atawadhulumu wenzake, na mwisho atapoteza fedha zake.

ARDHI NI YA NANI?

Hapa Tanzania ardhi yote ni ardhi ya umma. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote iko mikononi mwa Rais, naye anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mdhamini siyo mwenye mali. Mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine aitunze kwa faida yao.

Wazo hili lilianza zamani kidogo. Sheria ya Wakoloni ya mwaka 1923 iliiweka ardhi chini ya gavana. Lakini walikuwapo walowezi na makampuni waliokuwa na hati za kumiliki ardhi milele. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika akipinga jambo hilo. Alisema ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kama ikifanywa bidhaa ya sokoni, wenye fedha wataichukua yote, na wasio na fedha watabaki wapangaji katika nchi yao. Tulipopata uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilifuta hati zile za milele. Tangu hapo hakuna mtu Tanzania Bara mwenye ardhi ya milele.

Ardhi ya umma imegawanywa mafungu matatu. La kwanza ni ardhi ya kijiji, ambayo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. La pili ni ardhi ya hifadhi, kama vile misitu ya serikali, hifadhi za wanyama na hifadhi za barabara. La tatu ni ardhi ya jumla, yaani ile iliyobaki, kama viwanja vya mijini na mashamba makubwa yenye hati. Sheria hizi mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2001.

Kabla ya kununua, swali la kwanza ni hili: ardhi hii iko katika fungu gani? Maana kila fungu lina mwenye kuligawa na utaratibu wake. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kukuuzia msitu wa serikali. Na ofisa wa wilaya hawezi kukugawia shamba la kijiji akiwa amekaa ofisini kwake tu.

HAKI ZA MNUNUZI

Tuanze na haki. Mtu aliyepata ardhi ya jumla kwa njia halali hupewa hati miliki. Hati hiyo humpa muda, nao hauzidi miaka 99. Mingine ni miaka 33, mingine 66. Katika muda huo mnunuzi anaweza kujenga, kulima, kupangisha, kuweka rehani benki, kurithisha watoto na hata kuuza haki yake kwa mwingine, ilimradi afuate sheria.

Haki hiyo serikali haiwezi kumnyang'anya hivi hivi. Ikiwa ardhi inatakiwa kwa shughuli ya umma, kama barabara au shule, iko Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Lakini lazima mwenye ardhi alipwe fidia. Sheria ya mwaka 1999 inataka fidia hiyo iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema. Katika kuihesabu huangaliwa thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, siyo nyumba na miti peke yake. Yako pia malipo ya usumbufu na ya usafiri.

Na sisi wa vijijini je? Hapa tusikilizane vizuri. Haki ya kimila, yaani ile ya mtu aliyerithi shamba kwa wazee wake au aliyegawiwa na kijiji, ina nguvu sawa na hati miliki ya serikali. Siyo haki ya daraja la chini. Sheria imeandika hivyo waziwazi. Mwenye haki ya kimila anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kutoka kijijini kwake, na hati hiyo inaweza kuwa bila kikomo cha muda. Wanawake nao wana haki sawa na wanaume kupata ardhi, kuitumia na kuigawa. Mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haitambuliwi na sheria.

MIPAKA YA MNUNUZI

Sasa tuje kwenye mipaka. Hapa ndipo wengi hujikwaa.

Kwanza, hati ina matumizi yake. Ukipewa ardhi kwa kilimo, huwezi kuamka asubuhi ukaigeuza kiwanda bila kibali. Ukipewa kiwanja cha kujenga, mara nyingi hati inasema uwe umemaliza kujenga katika miezi 36. Soma karatasi yako mpaka mwisho. Masharti yapo humo humo, na wewe umeyatia sahihi.

Pili, kuna kodi ya pango la ardhi. Kodi hii hulipwa serikalini kila mwaka. Neno lenyewe linatufundisha: ni pango. Mwenye hati ni kama mpangaji wa taifa. Asiyelipa atapewa notisi, na akizidi kukaidi anaweza kufutiwa hati yake.

Tatu, ardhi haitakiwi kutelekezwa. Mwenye hati aliyeiacha ardhi kwa muda usiopungua miaka 2, sheria inahesabu hiyo kuwa sababu ya kutosha ya kufuta haki yake. Lakini wananchi tusikosee hapa. Mwenye mamlaka ya kufuta hati ni Rais peke yake, na lazima notisi itolewe kwanza. Pori la mtu mwenye hati halifutwi na kikundi cha vijana wenye majembe. Wakiona shamba limeachwa, kazi yao ni kupeleka habari halmashauri ya wilaya na kwa ofisa ardhi, ili utaratibu uanze.

Nne, kwa kawaida asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hapo hupitia mamlaka ya serikali inayosimamia uwekezaji. Raia anayemuuzia mgeni kwa siri, au anayetoa jina lake litumike kumfichia mgeni, anaiweka haki yake hatarini. Hiyo nayo ni sababu ya kufuta hati.

Tano, hati ya ardhi haikupi maji wala madini. Ukichimba msingi ukakutana na dhahabu, dhahabu hiyo si yako kwa sababu tu una hati ya kiwanja. Maji nayo ni mali ya umma. Hili linatuhusu sana sisi tunaokaa karibu na Ziwa Basotu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kama zinaweza kuharibu mazingira yake. Basi anayekuuzia shamba la bustani linalogusa maji ya ziwa, anakuuzia kesi.

Sita, uzio wa mnunuzi haufuti haki za majirani. Ikiwa kuna njia ya umma inayopita katika ardhi ile, mnunuzi anainunua ardhi pamoja na njia yake. Haki za kupita zinatambuliwa na sheria. Hasa katika nchi ya wafugaji kama hii yetu, njia ya ng'ombe ya kwenda majini ni kama mshipa wa damu. Ukiukata, mwili unakufa. Kwa hiyo kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake, njia hizo, malisho na makaburi ya wazee vionyeshwe kwenye ramani na kuandikwa. Njia isiyoandikwa mahali popote ni rahisi mtu kusema haikuwapo.

YALIYOTUPATA HANANG

Haya tunayosema siyo hadithi za mbali. Hanang ina historia yake, na imeandikwa katika vitabu vya mahakama.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilianza mpango wa kilimo cha ngano katika nyanda za Basotu. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, likapewa kazi hiyo. Baadaye mashamba yakafika saba, likiwamo la Basotu lenyewe, Mulbadaw, Setchet, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Jumla yake ilikuwa zaidi ya ekari laki moja. Taifa lilihitaji mkate, na ngano ilipatikana. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wakichunga huko kwa zamu, wakihama kufuata majani na maji kwa majira yake. Makaburi ya wazee wao yalikuwa huko. Waliokuja kupima waliona ardhi isiyo na nyumba nyingi wakadhani haina wenyewe.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walifungua kesi dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka 1984 walishinda. Lakini NAFCO ilikata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikabatilisha ushindi ule. Sababu zake yafaa tuzijue. Mahakama ilisema kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Kuwa na kijiji chenye jina na mwenyekiti, ilisema, siyo ushahidi kwamba kijiji kimegawiwa ardhi. Na wanakijiji nao, mahakama ilisema, hawakuwa wamethibitisha haki yao ya kimila kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. Mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila katika maeneo ya mashamba hayo.

Wengi walisononeka, na haki yao kusononeka. Lakini sisi tuliojifunza kusoma tutoe fundisho hapa. Waliotumia ardhi miaka na miaka walishindwa kwa sababu upande wao haukuwa na maandishi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baadaye siasa ya uchumi ilibadilika. Mashirika mengi ya umma yakabinafsishwa, na mashamba ya NAFCO nayo yakaingia katika mpango huo. Mengine yalirudishwa kwa wananchi na mengine yakaenda kwa wawekezaji. Kwa hiyo swali la haki na mipaka ya mnunuzi limerudi mlangoni kwetu. Yule aliyenunua kutoka serikalini amenunua kile serikali ilichokuwa nacho, hakuzidisha hata hatua moja. Mipaka ya hati ya zamani ndiyo mipaka yake. Ikiwa shamba la jirani halikuwamo katika hati, halikuuzwa. Na yule mwananchi aliyegawiwa ekari zake katika shamba lililorudishwa, naye asiridhike na kuonyeshwa kwa kidole. Aombe karatasi.

KAMBI YA SIMBA WALISHINDA

Iko kesi nyingine ya huku kwetu ambayo ilibadili mambo kwa nchi nzima. Baba mmoja na mwanawe wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati ule katika Wilaya ya Mbulu, walikuwa na shamba la kimila tangu mwaka 1943. Wakati wa Operesheni Vijiji wakanyang'anywa. Wakaenda mahakamani Arusha, wakashinda, wakarudishiwa shamba. Mara ikatungwa sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za namna hiyo na kuzizuia mahakama zisisikilize kesi zake.

Wakashitaki tena, safari hii wakisema sheria yenyewe inavunja Katiba. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubaliana nao katika jambo kubwa. Ilisema haki ya kimila ya ardhi ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Vifungu kadhaa vya sheria ile vikatupwa. Wakati huo huo Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imezunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko ya ardhi, ikatoa taarifa yake mwaka 1992. Hayo yote yalitangulia sheria za 1999 tulizonazo.

KABLA HUJATOA FEDHA

Sasa tufanye nini? Tunashauri mambo haya, na msomaji ayakate ayahifadhi.

1. Uliza ardhi ni ya fungu gani na nani mwenye mamlaka ya kuigawa. Kuuliza si ujinga.

2. Ikiwa ina hati, nenda kwa Msajili wa Hati ukatazame jina la mwenyewe, na kama imewekwa rehani. Hati nzuri mkononi mwa dalali inaweza kuwa ya bandia.

3. Tembea mipaka yote kwa miguu pamoja na majirani. Tazama mawe ya mpaka. Uliza juu ya njia, visima na makaburi.

4. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba kuona muhtasari wa mkutano huo. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Na mwanakijiji anapouza haki yake ya kimila, halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na iangalie kama wanaomtegemea muuzaji watabaki bila ardhi.

5. Muulize muuzaji kama ana mke au mume, na hakikisha mwenzake ameridhia. Shamba la familia haliuzwi kilabuni usiku.

6. Mkataba uwe wa maandishi. Mapatano ya mdomo ya kuuza ardhi hayana nguvu mahakamani.

7. Malipo ya serikali yalipwe kwa namba ya malipo ya serikali, nawe ubaki na risiti. Usimpe ofisa fedha mkononi.

8. Barua ya toleo siyo hati. Ni ahadi yenye masharti. Endelea kufuatilia mpaka hati itoke na iandikishwe.

UKIDHULUMIWA

Usikimbilie fimbo wala mkuki. Anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Lina watu 7, na wanawake kati yao wasipungue 3. Baada ya hapo kuna Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halikati tena kesi ya ardhi, bali linapatanisha tu. Mkishindwa kupatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani. Usilale pia. Kudai ardhi kuna muda, nao ni miaka 12. Anayenyamaza zaidi ya hapo anaweza kukuta mlango umefungwa.

Na kama ni serikali au mwekezaji anayetaka ardhi ya kijiji, wanakijiji wana haki ya kuelezwa, kuuliza na kusema. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, lakini baada ya kuyapokea na kuyatazama mapendekezo ya kijiji. Na katika yote mawili, ardhi haihamishwi mpaka fidia imekubaliwa. Kwa hiyo asiyehudhuria mkutano amepiga kura ya kuuza bila kujua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwenu, njia za mifugo na sehemu za malisho zimeandikwa kwenye ramani? Kama bado, nani aanze?
2. Ni nani katika kikundi chenu mwenye hati ya kimila? Wengine wamezuiliwa na nini?
3. Mnunuzi wa shamba kubwa ameziba njia ya kwenda majini. Mtaanzia wapi, na mtabeba maandishi gani?
4. Mjane ana shamba lililoachwa na marehemu mumewe, na shemeji anataka kuliuza. Sheria inasemaje, nanyi mtamsaidiaje?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu kwenye daftari, na daftari likae ofisi ya kijiji ambapo kila mtu anaweza kulisoma.